Mguu Wangu Ulikuwa Nje

48 Mtaa wa Alder,
Cheektowaga, New York.
2 Desemba 2018

Mpendwa binamu Tadek,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji mpaka huko kwenye theluji zaidi. U hali gani? Maureen hajambo? Magoti yake yameacha kumsumbua, au bado anapanda ngazi huku akimlaani aliyejenga nyumba? Na wavulana wako wawili, natumaini wanakula vizuri na kufanya kazi vizuri vilevile. Sisi huku wazima. Gari linawaka asubuhi, mama ametimiza miaka themanini na minane na bado hataki mtu aguse chungu chake, na sukari yangu imetulia tangu Oktoba. Daktari amesema mimi ni mgonjwa mtiifu. Nilimwomba aandike neno hilo kwenye karatasi nikamwonyeshe mama, maana yeye hajawahi kulitumia juu yangu.

Barua yako niliipata. Uliiandika siku ya Shukrani yenu, ninyi mnaomshukuru Mungu mwezi mzima na ushei kabla yetu, kama mtoto anayewahi dawati la mbele. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, nikasema nisubiri hasira zipoe kwanza. Hazikupoa, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Nianze na madogo. Unadai kwenye futiboli yetu hii ya mikono, wadakaji wa Kanada, wale wanaokimbilia mpira wa kurushwa, ni hodari kuliko wetu kwa kuwa uwanja wenu ni mpana, na mnawaruhusu waanze kukimbia kabla mpira haujaanza kuchezwa. Tadek, mtu akitangulizwa mbio kisha akawahi kufika, huo si uhodari, ni upendeleo. Mdakaji wa kwetu husimama palepale, mlinzi wa upande wa pili yuko puani pake, na mpaka mpira utoke haruhusiwi hata kuinama kufunga kamba ya kiatu. Akishajinasua hapo ndipo tunamwita hodari.

Na maneno yako nayo yamebadilika. Bao sasa unaliita "meja", utadhani limetoka jeshini. Timu ikipiga shuti la kukosa, bado mwaweza kuizawadia pointi moja, na hiyo pointi mmeipa jina, "ruji". Huku kwetu anayekosa huzawadiwa matusi. Miaka thelathini ya kuishi huko mjini Regina imekusahaulisha kuwa wewe ndiwe uliyenifundisha kumwita mwoga "mikono ya mamba", yule anayemwona mlinzi anamjia akaifupisha mikono ili mpira umpite salama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku ile sijawahi kuifupisha.

Ijumaa moja niliichukua barua yako nikaisoma kwa sauti kule baa kwa Florian, mbele ya samaki wa kukaanga na watu wasiopungua kumi. Mjadala uliozuka ulikuwa mkubwa, samaki wakapoa. Florian mwenyewe, ambaye maisha yake yote hajadaka kitu zaidi ya bilauri, alishikilia kwamba mdakaji ni mikono. Nikamwambia mikono ya kudaka hata mtoto anayo, mpe tu mpira umfuate kifuani. Mdakaji ni miguu. Miguu ndiyo inayomdanganya mlinzi, ndiyo inayomfikisha mahali mpira utakapokuwa, na ndiyo inayojua mstari wa pembeni uko wapi wakati macho yako juu. Kuna mmoja pale mezani aliangalia suruali yangu upande wa kushoto, kisha akaangalia sahani yake. Nikamwambia asiogope, aangalie tu, nimevaa soksi mpya.

Sasa nije kwenye lenyewe. Chini kabisa ya barua yako, baada ya kutia jina, uliongeza mstari mmoja: "Lorraine, sheria za huku mdakaji akishuka na mguu mmoja ndani ya mstari inatosha. Hamia Regina utacheza mpaka uzeeke."

Najua ulikuwa unatania, na binamu ana haki yake ya utani. Najua pia ulikuwa unanipa pole kwa njia yako, maana tangu Machi waliponikata mguu chini ya goti hujajua useme nini, na simlaumu mtu kwa hilo. Ila mstari ule ulinichoma. Niliubandika kwenye jokofu nikawa nausoma kila asubuhi navaa mguu wangu. Mimi sina mguu mmoja, Tadek. Ninao miwili, ila mmoja nimeletewa na fundi.

Mchezo wetu wa asubuhi ya Shukrani bado uko kama ulivyouacha. Waliozaliwa kwenye ukoo upande huu, Waliooa na Kuolewa upande ule, saba kwa saba, kwenye uwanja wa nyuma ya shule, kugusana tu bila kuangushana. Mistari ya pembeni bado tunaichora juu ya theluji kwa maji ya bitiruti yanayobaki kwenye supu ya mama. Sheria ni zilezile za ligi kubwa ya huku, mdakaji ashuke na miguu yote miwili ndani ya mstari, la sivyo haihesabiwi. Wanaoshindwa wanaosha masufuria yote. Na sisi Waliozaliwa tulikuwa tumeosha miaka minne mfululizo, jambo lililomnyima usingizi kaka yangu Norbert, nahodha wetu wa kujiteua.

Wiki moja kabla ya sikukuu, Norbert alitundika orodha kwenye mlango wa jikoni kwa mama. Jina langu lilikuwa la mwisho kabisa, na mbele yake ameandika: mwandika pointi, kiti, blanketi. Blanketi, Tadek. Nimedaka pembeni ya uwanja ule miaka thelathini na saba, leo nafunikwa kama viazi vinavyoogopewa baridi.

Nilimuuliza imekuwaje. Akaniambia taratibu, kwa ile sauti ya kuongea na wagonjwa, "Lorraine, huo si mguu. Ni plastiki na chuma. Ukianguka nitamwambia nini mama?"

Mama alikuwa palepale anamenya bitiruti. Akasema yeye hakumtuma mtu amsemee. Nikachukua kalamu, nikafuta kiti, nikafuta blanketi, nikaandika: mdakaji, kushoto. Norbert alitaka kubisha, akaona ile kalamu bado iko mkononi mwangu.

Nikwambie pia kwamba sikwenda kichwa kichwa. Tangu Agosti, mimi na Paulina, binti yake huyohuyo Norbert, tulikuwa tunafanya mazoezi kwa siri kwenye ukumbi wa kanisa. Yeye anarusha, mimi najifunza upya kugeuka. Mguu wa bandia hausikii kitu. Ukikanyaga jiwe haukuambii, ukikanyaga mstari haukuambii. Nilianguka mara nyingi nikaacha kuhesabu. Padri alituuliza kelele zile ni za nini, Paulina akamjibu kwamba shangazi anasali.

Siku yenyewe ilifika na baridi ya kukausha meno. Tulianza saa nne asubuhi. Aliyepangwa kunilinda ni wifi yangu Darlene, mke wa Norbert, unayemjua kwa ukorofi wake uwanjani. Lakini siku hiyo alikuwa mpole kama muuguzi. Ananiachia hatua mbili, nikidaka ananigusa bega kwa ncha za vidole, tena ananiuliza kama niko sawa. Nilidaka mipira minne kwa namna hiyo na hakuna hata mmoja ulionifurahisha. Kupewa na kupata si kitu kimoja.

Ukaja mpira wa mwisho. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na bao ni pointi sita. Paulina alinitazama, nami nikakuna sikio, ishara yetu ya ukumbini. Nilikimbia kwenda kati, nikakita mguu wa kushoto, ule wa fundi, nikageuka kwenda kwenye kona ya eneo la bao. Nilimsikia Darlene nyuma yangu anahema, na nikajua kwamba amesahau kunihurumia. Alikuwa ananifukuza kweli, kiwiko ubavuni, kama zamani. Nikwambie ukweli, nilimpenda wifi yangu pale kuliko miaka yote tuliyofahamiana.

Mpira ukaja juu, upande wa nje. Niliunyooshea mikono yote, mirefu kadiri Mungu alivyonipa, nikaudaka, nikashuka nao. Mguu wa kulia niliusikia ukigusa theluji, ndani, palipo na haki. Wa kushoto sikuusikia.

Waliozaliwa wote walipiga kelele. Norbert alikuwa ameshatupa kofia. Darlene akasema nje. Ukazuka ugomvi mpaka watu wa nyumba za jirani wakafungua madirisha. Mwishowe Paulina akachuchumaa akanishika kiatu cha kushoto akakigeuza. Soli ilikuwa nyekundu ya bitiruti kutoka kisiginoni mpaka kwenye vidole.

Hapo, Tadek, ndipo kaka yangu alipotoa hoja ya maisha yake. Alisimama katikati ya uwanja, kidole juu, akatangaza kwamba kile si mguu. Mguu ni nyama na mfupa. Lorraine ana mguu mmoja, huo mmoja umeshuka ndani, kwa hiyo miguu yake yote iko ndani na bao ni halali. Watu wakatazamana. Upande wa pili wakaanza kutikisa vichwa kukubali, na niliona wazi kwamba si kwa sababu ya hoja. Darlene ndiye aliyelisema, kwa sauti ya chini, na macho yake yameshaanza kulowa. "Mpeni tu. Kwa mwaka aliopitia, mpeni."

Nilikuwa bado nimekaa kwenye theluji, mpira kifuani. Nakiri kwamba nilitamani. Miaka minne ya masufuria si mchezo. Na kila mtu alikuwa ananitazama kwa upendo, usidhani ulikuwa uovu. Lakini nikaona kwamba nikilichukua bao lile, nitakuwa nimetia sahihi maneno ya Norbert, na mwakani kiti kitarudi, na blanketi litarudi.

Nikasema, "Mguu wangu ulikuwa nje. Huu hapa, wa kushoto. Hesabuni nje."

Norbert aliniambia ninyamaze, tunashinda. Nikamwambia tumeshindwa, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamtupia Darlene mpira. Aliudaka, akaniambia kwamba kwa kusema kweli alinigonga kiwiko. Nikamjibu nimekisikia, na mwakani asipokirudia tutagombana. Akacheka, akajifuta pua, akanivuta nisimame. Hakuniuliza kama niko sawa.

Nyumbani hawakuwa na furaha nami. Tuliosha masufuria mwaka wa tano, saba tumejipanga jikoni, na Norbert alisugua lile la bata mzinga kama ana kesi nalo. Mimi nilisimama nikikausha vyombo, kwa miguu yangu, ingawa kiti kilikuwepo.

Kisha, bila kunitazama, akasema, "Ulichelewa kugeuka. Na mguu wa kushoto uliutupa mbali mno. Ungeushusha karibu na wa kulia, tungekuwa sebuleni saa hizi tunakula keki."

Nilimwambia atoe maelekezo hayo kabla ya mchezo na si baada. Akasema atayatoa, mazoezi yanaanza Agosti, na nisithubutu kuyafanya tena kwa siri. Tadek, katika maisha yangu nimesifiwa mara nyingi kwa kudaka, lakini hakuna sifa iliyonifurahisha kama lawama ile. Niligeukia kabatini nikajifanya natafuta sahani.

Najua sasa hivi umeshaipigia meza barua hii. Utasema kwamba kwa sheria zenu lile lilikuwa bao, wala pasingekuwa na ugomvi, mguu wa kulia ulishuka kwanza na mambo yakaisha. Ni kweli. Kaa nayo sheria yenu, ni nzuri kwenu. Ila usinipe mimi sheria hiyo kama sadaka.

Msalimie sana Maureen, umwambie mama anauliza kama bado anaweka siki kwenye bitiruti. Wasalimie wavulana, na huyo mkubwa mwambie Paulina anasema mikono yake ni ya mamba na ushahidi wa picha anao. Norbert na Darlene wanakusalimu, Florian anakusalimu na anasema bado ni mikono. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape afya na akili za kurudi kutuona.

Ukija mwakani, ufike Shukrani ya Novemba, si ile yenu, na uje na viatu vyenye meno. Wewe utachezea upande wa Waliooa na Kuolewa, maana ugeni umeshauzoea, na mimi nimeshamwomba Norbert zamu: nitakulinda mwenyewe pale kwenye mstari. Usitarajie nikuachie hatua mbili. Na ukidaka, nitaihesabu miguu yako yote miwili, kama wewe utakavyoihesabu yangu.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Lorraine