Taa Nayo Ina Zizi

Ak-Kyya, 9 Februari

Baba mkwe,

Nakuinamia kama kila asubuhi mlangoni pako. Macho yanaendeleaje? Sisi wazima. Mjukuu wako Asylkan ameota jino, ananing'ata huku anacheka.

Baba, nimechanganyikiwa. Uliniachia kazi ya kutazama mbingu. Ulisema mwezi ukijizungushia zizi, lile duara la mwanga, dhoruba ya theluji inakuja, mwanao Sagyn asivuke mlima kurudi na kondoo. Jua likiota masikio, mianga miwili ubavuni mwake, ni baridi kali, vilevile asivuke. Nimetoka nje usiku sita, naona mwezi uko peke yake. Au zizi lipo, ila mimi sijui kutazama? Mama Zuura wa jirani ananicheka: "Wewe wa bondeni, kwenu mwezi ni wa kuchumia pamba tu!"

Sagyn ametuma habari kwamba nyasi kavu kule ng'ambo zimebaki za wiki tatu. Wenye kondoo wote wanakuja kuniuliza mzee anasemaje. Niwaambie nini?

Mkaza mwana wako,
Burulcha

Naryn, hospitalini, 14 Februari

Mwanangu Burulcha,

Salamu nyingi, na lile jino lisalimie peke yake. Anayeandika ni mwalimu wa kitanda cha pili, mimi nasema tu. Mtoto wa jicho yuko macho yote mawili. Watapasua moja kwanza, tarehe ishirini.

Sagyn asivuke. Zizi nimeliona jana dirishani, limeubana mwezi. Vuli yote tuliliona pamoja pale uani, sasa limekupoteaje? Na dhoruba yake itakuwa kubwa, maana huku hata taa ya ukumbini ina zizi. Mwalimu anacheka, ati hospitali haifugi kondoo.

Baba yako

Ak-Kyya, 18 Februari

Baba,

Nakuinamia, na leo sitainuka mpaka mwalimu amalize kukusomea. Afya yako naiombea.

Barua yako nimeisoma mara nne, kisha nikawasha taa nikakaa nayo. Taa haina zizi, Baba. Nilimwita mama Zuura nikamuuliza yeye anaona nini, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Vuli yote sikuona kitu. Ulikuwa unanyoosha fimbo, "Unaliona, mwanangu?" nami najibu, "Naliona, Baba." Niliona haya kukukatalia. Nikadhani ni mambo ya watu wa milimani, siku moja na mimi nitaanza kuona. Mara mbili watu walizuia kondoo, theluji haikuja, wakanong'ona juu yako, nami nikanyamaza. Kumbe ni mtoto wa jicho.

Nyasi zinakwisha. Nimemtuma jirani yetu Tashtan na farasi amwambie Sagyn avuke. Nimesema ni neno langu, si lako. Nikikosea, mume wangu ndiye aliyeko juu.

Nisamehe.

Mkaza mwana wako,
Burulcha

Ak-Kyya, 27 Februari

Baba,

Hujambo? Hujanijibu. Sijui ni macho au ni hasira. Sisi wazima, kwa leo.

Mchana huu jua limeota masikio. Mama Zuura kanivuta mkono: "Haya, wa bondeni, umeyaona?" Nimeyaona. Na Sagyn ameondoka kule jana. Sijui niombe afike haraka au arudi. Nyuma hakuna nyasi, mbele kuna baridi. Asylkan anayanyooshea mikono, anataka apewe.

Burulcha

Naryn, 27 Februari

Burulcha,

Herufi ni kubwa na zimepinda kwa sababu ni zangu mwenyewe. Mnaendeleaje? Mimi ninapona.

Nilikukasirikia siku saba. Si kwa ajili ya mwezi. Ni kwa ile vuli yote niliyosimama uani peke yangu, na wewe umesimama karibu yangu.

Leo wametoa bandeji. Taa ya ukumbini haina kitu, nimeionea haya. Mchana nikatazama jua dirishani. Nililoliona silitaji. Nesi nikimuuliza, kila jambo "ndiyo, mzee", kama wewe. Niandikie wewe jua la leo lilikuwaje. Usinihurumie. Na Sagyn yuko wapi?

Baba yako

Ak-Kyya, 5 Machi

Baba,

Nakuinamia. Jicho hilo likunjuke lizoee mwanga.

Sagyn amefika. Masikio aliyaona akiwa juu kabisa, akawaswaga kondoo bila kupumzika. Kondoo wanne wamekufa, na kidole chake kimoja cha mguu kimekuwa cheusi. Kesho yake dhoruba ikafunga njia. Tashtan anasema nilitumia akili. Mimi sijui, Baba. Zizi halikuwepo, dhoruba ikaja. Labda ni bahati tu.

Jua la siku ile lilikuwa na masikio mawili, mekundu upande wa ndani. Hilo nililiandika siku ileile, kabla hujaniuliza. Barua zetu zimepishana njiani.

Na jana usiku nimeutazama mwezi, nikaingia ndani, nikatoka tena kuutazama kabla sijashika kalamu. Hauna kitu. Mtupu kama sahani. Ungekuwa uani umenyoosha fimbo, ningekuambia hivyohivyo.

Binti yako,
Burulcha