Blanketi la Mtoto wa Somoe

Ziwani, Mtwara

Mama yangu,

Shikamoo. Kile kifua kimeachia? Na baba, mguu unamruhusu kwenda msikitini siku hizi? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujarudi mahali pake. Usiogope, soma mpaka mwisho.

Unamkumbuka Somoe niliyekueleza, jirani yangu, aliyenikaribisha kwake nilipoletwa kufundisha huku nisimjue mtu? Alikuwa mjamzito. Watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa wamekufa, basi mimba hii aliibeba kama mtu aliyebeba mayai. Nikasema nitamshonea mtoto blanketi la viraka, kama yale uliyotushonea sisi. Nikakata kanga zangu kuukuu, katikati nikatia shuka laini, nikawa nashona kwa mkono kila nikitoka shule.

Mkwewe, Bi Hawa, hakupenda hata kidogo.

"Mwalimu, mtoto hashonewi kitu akiwa bado tumboni," aliniambia. "Sisi tumeshaumia, tunaogopa."

Lakini sikuacha, maana Somoe mwenyewe alikuwa akinichagulia rangi, anacheka.

Jumamosi tulikuwa barazani kwangu, nashona ukingo wa mwisho, mara Somoe akaishika nguzo kwa mikono miwili. Chupa imepasuka, na miezi haijatimia! Mumewe alikuwa Kilambo kwenye biashara yake ya samaki. Bi Hawa akaita bajaji, tukampakia twende zahanati, mvua inamwagika. Kumbe blanketi nimelitupia begani, wala sijijui.

Hatukufika, mama. Katikati ya mikorosho bajaji ikazama kwenye tope, na mtoto akaja palepale kwenye kiti, Bi Hawa akampokea kwa mikono yake. Dereva alishuka akasimama mvuani, ametupa mgongo.

Mtoto hakulia. Midomo imekuwa ya bluu, mikono imelegea.

"Mbona kimya?" Somoe akauliza. "Mama, mbona kimya?"

Mimi niliwaza neno moja tu: nimemuua mtoto wa mwenzangu kwa ushonaji wangu.

Bi Hawa akanigeukia. Kanga zake zote zimelowa chapachapa. "Mwalimu, lete hilo blanketi!"

Nikampa. Papo hapo nikakumbuka sindano imo bado. "Ngoja!" nikapiga kelele, nikapapasa ukingo kama kipofu, nikaichomoa. Ilinichoma kidole, wala sikusikia. Bi Hawa akamfunga mtoto, akampangusa mdomo, akaanza kumsugua mgongo kwa nguvu, anamfokea kama mtu mzima: "Rudi! Rudi wewe! Mama yako amechoka kuzika!"

Alisugua mpaka nikatamani kumwambia basi, amwache apumzike. Mara mtoto akakohoa. Kikatoka kilio chembamba, kikakatika, halafu kikaja kilio chenyewe. Dereva akasema "Allahu akbar," akakaa chini kwenye tope na suruali yake safi. Somoe alikuwa analia, mimi nalia, Bi Hawa peke yake ndiye aliyekuwa bado anasugua, hataki kuacha.

Dereva nami tuliisukuma bajaji ikatoka topeni, na zahanati muuguzi alimpima mtoto, akasema ni mdogo lakini anapumua vizuri. Sasa wako nyumbani. Ni wa kiume. Baba yake alipofika kutoka Kilambo alimtazama tu, akashindwa hata kumwadhinia mpaka alipokunywa maji.

Mimi bado sijawa sawa. Nikishika chaki nasahau nilichotaka kuandika, wanafunzi wananitazama. Jana Bi Hawa alikuja na blanketi, amelifua, damu imetoka yote isipokuwa alama moja. Nikamwuliza kama ana kinyongo na mimi. Alilitandaza mapajani mwangu, akanionyesha pale ukingo ulipobaki wazi.

"Malizia," akasema. "Anasikia baridi."

Nimemaliza leo asubuhi. Mishono ya mwisho imepinda, ungeiona ungenifumulia.

Nisalimie baba sana. Dada Zaituni mwambie nimepata picha ya wanawe, wamekuwa warefu. Bibi mzaa baba mshikie miguu kwa niaba yangu, na shangazi wa sokoni aniombee dua, maana natembea kama mtu aliyezinduliwa usingizini.

Nakatisha hapa, mama. Mtoto amekuwa kimya muda sasa huko ng'ambo ya ua. Najua amelala tu, lakini acha nikachungulie.

Mwanao,
Mwajuma