Bendera Chini ya Rangi

Mill Lane, Horncastle
9 Mei 1962

Mpendwa kaka Rupert,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, Lorna na watoto hamjambo huko Winnipeg, na theluji imewaachia. Mimi ni mzima wa mwili. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anabishana na redio.

Nimeambiwa uliweka sahihi ndege ya vita ya marehemu baba ifanywe upya. Sijui kama wamekueleza kilichofuata.

Majira yote ya baridi nimeshinda pale makumbusho nikichunguza rangi zake za zamani. Bwana Pargeter, msimamizi wao, alishikilia kuwa ilikuwa nyeusi, eti picha zinaonyesha. Nikamwambia filamu za siku za Vita Kuu ya Kwanza zilifanya hata njano ionekane nyeusi. Hii ilikuwa kahawia yenye ukijani, ili adui akiwa juu asiitofautishe na ardhi. Akacheka. "Bi Enid, nani atalipa kiingilio aje kutazama tope?"

Unakumbuka baba alivyokuwa akisema: baba mdogo Alaric alipigwa risasi na askari wetu wenyewe, akiwa ndani ya ndege hiyo hiyo, akirudi juu ya mahandaki yetu, kwa kuwa bendera yetu iliyochorwa chini ya bawa ilidhaniwa msalaba wa adui. Na unakumbuka alivyojibiwa mezani. "Bendera gani? Alama ya ndege zetu si miduara ile chini ya bawa, kila mtu anaiona!" Amekufa akiitwa mzushi.

Kaka, bendera ilikuwepo. Niliikwangua ile miduara kidogo kidogo kwa pamba na spiriti, nikaikuta chini yake, na msalaba wake mwekundu. Ilikuwa na matundu ya risasi yaliyozibwa viraka, na miduara imepakwa juu ya viraka, yaani baadaye.

Nikapanga kumleta Mama Jumamosi aione kwa macho yake, na mpiga picha aje. Alhamisi nikafika, nikakuta ndege imebaki mbao tupu. Kitambaa chote kilichoifunika kilikuwa kinaungua nyuma ya banda.

"Kaka yako ameridhia," akasema Pargeter.

"Alijua kilikuwa na nini?"

"Aliandika kwamba kimetobolewa na panya, kichomwe tu."

Sasa wameivika kitambaa kipya na kuipaka nyekundu, inang'aa kama pipi. Wamenialika nikate utepe. Sitakwenda.

Mama nilimweleza yote jioni ile. Akaweka kikombe chini, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Iko wapi hiyo bendera, nikaione?"

Nikamwambia imechomwa.

"Haya," akasema. "Umeanza kama baba yako."

Nisalimie Lorna, Cedric na Phyllida mdogo. Shangazi Maud anawasalimu. Mungu awalinde, na watoto wako wakikuuliza habari za babu yao, waambie alisema kweli. Huku hakuna tena wa kuniamini nikisema hivyo.

Dada yako, anayekupenda hata kwa haya,
Enid