Siku ya Kulipima Gari la Kivuva

Kinoo, Waiyaki Way,
14 Septemba 2025.

Mpendwa Kaka Masila,

Hujambo huko Winnipeg? Na ile baridi, imeshaanza kukuuma masikio? Wifi Joyline na watoto wana afya? Sisi tuko salama, namshukuru Mungu. Mama yuko bado hapa kwangu. Nyonga imempa nafuu, na juzi alinishinda kula ugali.

Sasa nikupe habari za shemeji yako. Kivuva amenunua gari kubwa jeusi la kifahari, viti vya ngozi, la kupandia ngazi. Akienda ofisini katikati ya jiji, foleni inalinywesha lita moja kila kilomita tano. Nilikasirika. Yeye akashikilia kwamba kwenye barabara kuu linafika kilomita kumi na moja kwa lita, eti aliyemwuzia alimwambia. Mwamba ngoma huvutia kwake!

Tukapatana twende Naivasha na kurudi. Likifika kumi, linabaki. Likikosa, linauzwa. Alikubali, lakini asubuhi nilimwona akilipangusa vumbi kama anayeliaga.

Jana Lornah wa kituo cha mafuta hapa Kinoo alitujazia tangi pomoni, ili tukirudi atujazie tena kwa pampu ile ile, tujue limekunywa ngapi. Kivuva alishusha kila mzigo, hata mwavuli wangu. Akazima AC, akaenda mwendo wa harusi huku malori ya mboga yakitupita.

Mama tulimchukua, maana hajatoka Kinoo tangu aje. Unajua nthoni yetu Wakamba, mkwe na mama mkwe kuoneana haya, wasisemeshane. Basi aliketi nyuma kabisa ya dereva, na kila neno likapitia kwangu. Mwambie aongeze mwendo. Mwambie asinzie baadaye. Naye yuko pale pale anasikia! Tulipoliona Bonde la Ufa, Mama akaanza kuimba. Kaka, nilifurahi mno, sikuwa nimemsikia akiimba tangu tumzike Baba.

Wakati wa kurudi, pale sokoni Kinungi, akaniambia nimwambie dereva asimame. Akanunua magunia manne ya viazi, na kabichi juu yake, kwa kuwa majirani hawarudiwi mikono mitupu. Nani angemkataza? Kivuva alivipakia juu ya viti vyake vya ngozi, jasho likimtoka, na mlima bado uko mbele yetu.

Lornah akajaza, tukagawanya. Nane na nusu. Nisikudanganye, moyoni nilishangilia kidogo. Kivuva hakutaja viazi. Angevitaja angekuwa amemlaumu Mama. Alinipa funguo, akageukia barabarani.

Ndipo Mama akafungua mlango. Tangu harusi yetu alikuwa hajawahi kumsemesha.

“Kivuva,” akamwita, “hiyo gari usiuze. Mzigo ilikuwa yangu, na wewe ni mtoto yangu.”

Kivuva alilia mbele ya Lornah bila haya. Nami nilirudisha funguo, nikilia pia.

Tunakula viazi asubuhi na jioni, na majirani pia. Shangazi Kamene na Mzee Kiema wanakusalimu sana. Nibusie Ryan na Syokimau mdogo. Mungu awafunike na kuwaleta nyumbani tukiwa wote hai.

Leo tumekwenda kanisani kwa gari hilo hilo. Mama ameketi mbele, kando ya mwanawe, na mimi nyuma na kabichi.

Dada yako akupendaye kila siku,
Mukai