Regulata ya Baba

Jumapili, 5 Juni

Misa ya pili na Mama. Baridi, hadi padri alivaa sweta chini ya kanzu. Tumerudi, nimebandika chai, nimeingia chumbani kuvua viatu. Regulata imelowa tena.

Si maji. Inang'aa na inateleza, kama imetolewa ziwani sasa hivi. Jana ilikuwa na vumbi, niliona mwenyewe. Jumapili iliyopita ilikuwa hivi hivi.

Ipo kwenye msumari juu ya kitanda changu tangu tulipomzika Baba, mwaka jana. Kichwa cha shaba kinachofungwa kwenye mtungi wa hewa, mipira mirefu myeusi, na kile kipande cha kung'ata mdomoni. Baba alikuwa mpiga mbizi kwenye bwawa la umeme, huko mbali. Alisafisha vyuma vinavyozuia takataka. Akanasa chini kwenye matawi. Walipomtoa alikuwa bado ameing'ata. Alama za meno zipo. Kulia pana nafasi, pale alipokosa jino.

Bibi hakwenda misa, magoti yanamsumbua. Nimemuuliza kama kuna mtu aliingia chumbani kwetu.

"Nani aingie? Baba yako?" Akacheka peke yake. Mimi sikucheka.

Jumanne, 7 Juni

Mitihani. Kiswahili, rahisi. Jiografia, ya kawaida. Ramani ya darasani bado inatuweka Arusha, mwalimu amechora mpaka wa Manyara kwa kalamu nyekundu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nikitoka shule, Mama akiwa bado kwenye cherehani yake sokoni, napanda kitandani na kuiweka regulata mdomoni. Meno yangu hayaenei kwenye alama zake. Navuta. Inatoa hewa. Inakoroma kidogo, kama Baba akilala mchana kwenye kochi.

Haina mtungi. Kichwa chake kimezibwa kwa kizibo. Hewa inatoka wapi?

Miezi ya kwanza haikutoa kitu. Nilivuta hadi mashavu yakauma. Ilianza kupumua wakati wa Kwaresima. Kwa hiyo naamini ni Baba anayepumua.

Naogopa. Kesho nitarudia.

Alhamisi, 9 Juni

Baba Mdogo Faustini amepiga simu. Anakuja Jumamosi, anaondoka Jumatatu alfajiri. Anakuja kuichukua.

Ni yake, kwa haki. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, koti lilikwenda kwa binamu wa Sigino, viatu kwa mjomba, regulata kwa Baba Mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa mshika kamba wa Baba, anakaa juu na kusikiliza kamba kwa mkono. Siku ile hakutaka hata kuigusa. Alisema ikae tu hapa. Sasa amepewa kazi ya Baba. Atazama yeye.

Mama amesema, "Aichukue. Nimechoka kulala nyumba moja na hicho kitu."

Bibi amechambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Namchukia Baba Mdogo leo. Naandika tu, sitamwonyesha.

Ijumaa, 10 Juni

Fizikia. Swali la nne: mtoto anakunywa soda kwa mrija, mrija una tundu juu ya soda, eleza kwa nini soda haipandi.

Nimejibu. Mtoto akivuta, hewa ya nje inaingia kwenye tundu. Nilipofika kwenye nukta, mkono ukasimama.

Nikamkumbuka Baba. Akija likizo alikuwa anaiosha kwenye beseni, uani, maji safi tu. Halafu anabana kizibo, anaweka mdomoni, anavuta hadi mashavu yanazama na macho yanamtoka. Nilidhani ananichekesha. Nilikuwa mdogo, nilicheka sana. Kila mara alisema, "Imeninyima. Basi ni nzima."

Imeninyima. Basi ni nzima.

Yangu inatoa. Pana mahali pameachia. Hakuna anayepumua. Ni hewa ya chumbani tu, harufu ya mablanketi na ya Bibi.

Na chini ya maji hakuna hewa ya chumbani. Pale inapoingia hewa patapita maji. Yataingia kinywani mwa Baba Mdogo.

Nimelia chooni shuleni. Sijui ni kwa ajili ya nani.

Jumamosi, 11 Juni

Amefika saa nane, amechoka, amebeba samaki wakavu. Anafanana na Baba kwa nyuma. Akigeuka hafanani.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba mwanangu. Bado unakula vitabu? Utanenepa lini sasa?"

Ameitoa msumarini, akaivaa shingoni, akatoka nayo sebuleni. Mama akageuza uso.

Nimesema inavuja. Nadhani sauti haikutoka. Nikasema tena.

"Nani kakwambia?"

"Fizikia."

Wamecheka wote, hata Mama. Baba Mdogo akasema, "Babati hii hata bahari hatuna, wapiga mbizi ni viboko tu, wewe umesomea wapi?" Kisha akaacha kucheka. Akamwambia Mama, "Shemeji, kuna jamaa Tanga anauza nyingine, mpya, inang'aa kama sufuria ya harusi. Siitaki. Hii naijua. Ilimpa kaka hewa mpaka mwisho."

Nilitaka kusema, mpaka mwisho, ndiyo, lakini sasa je? Nikaenda kuosha vyombo. Najichukia. Nina maneno mengi kwenye karatasi, mdomoni sina hata moja.

Jumapili, 12 Juni

Nimesema tumbo linauma, nimebaki. Mama na Baba Mdogo wakaenda misa. Nikajifunika shuka hadi puani. Regulata ilikuwa juu ya begi la Baba Mdogo, hapo chumbani.

Bibi aliingia akidhani nimelala. Alikuwa na kopo la mafuta ya mgando na unyoya wa kuku, ule anaopakia mafuta cherehani ya Mama. Akakaa kitandani kwake. Akaipakata. Akapaka mipira, akapaka pale pa kung'ata, akaingiza unyoya ndani, polepole, kwenye kila tundu. Anaongea nayo Kiiraqw. Si maneno ya maombi. Ni yale ya kumwogesha mtoto: geuka huku, tulia, fumba macho.

Nikaketi. Hakushtuka.

"Midomo ya baba yako utotoni ilikuwa inapasuka kwa baridi," alisema. "Kila Jumapili nilimpaka mafuta ndiyo aende kanisani. Nikisahau, analia njia nzima."

Basi. Si Baba. Ni Bibi na unyoya.

Mpira ulio ndani ya regulata ni laini sana, mafuta huuharibu, na kwenye hadubini ya kichwa changu niliuona umelewa mafuta, umejikunja. Nikisema, Bibi atajua aliyeuharibu. Nisiposema, kesho alfajiri inaondoka.

Waliporudi nilijaza beseni maji, nikaliweka uani miguuni pa Baba Mdogo. Nilisema neno moja. "Vuta."

"Paskalina, tumbo limepanda kichwani?"

"Baba alikuwa anavuta. Kabla ya kila safari. Unajua."

Alijua. Niliona usoni. Akabana kizibo, akaing'ata, akainamisha uso kwenye beseni, akavuta.

Akainuka anakohoa, maji yanamtoka puani. Alikohoa sana. Kuku wakakimbia. Hakuna aliyecheka.

Alifungua kwa kisu kasha lililo nyuma ya kipande cha kung'ata. Ndani pana kijisahani cha mpira, chembamba kama sikio la panya, kinachotakiwa kulala bapa. Kimevimba na kujikunja. Akanusa kidole.

"Nani kapaka mafuta ya mgando?"

"Mimi," nilisema.

"Mwongo," alisema Bibi kutoka mlangoni. "Mtoto mwongo huyu. Ni mimi. Nilikuwa nampaka."

Nilidhani Baba Mdogo atafoka. Aliketi chini, kwenye udongo, na suruali yake ya kanisani. Akamwambia Bibi, "Mama, kamba ilikaa mkononi mwangu. Haikunitikisa hata mara moja. Mpaka leo mkono unasubiri."

Bibi akaenda kuketi karibu naye. Akamshika mkono ule. Mikono ya Bibi ilikuwa bado ina mafuta.

Jumatatu, 13 Juni

Hakuondoka alfajiri. Alipiga simu bwawani, akasema vifaa haviko tayari. Akapiga kwa fundi wake Dar. Nilikuwa karibu, nilisikia. Fundi anasema kichwa cha shaba ni kizima, mafuta yale yanaua mpira, abadilishe mipira yote na kipande cha kung'ata pia. Baba Mdogo akamuuliza je, ile mpya ya Tanga? Fundi akasema usichague inayong'aa, chagua ile ambayo mipira yake inapatikana hapa hapa nchini. Hii inapatikana.

Kabla ya kuifunga kwenye boksi la kwenda kwa fundi kwa basi, Baba Mdogo alikata kamba ya plastiki kwa mkasi wa Mama. Kipande cha kung'ata kikatoka kwa urahisi. Alimpa Bibi.

Msumari upo wazi. Mama akasema tutundike kalenda.

Jumamosi, 16 Julai

Likizo inakwisha. Mvua hakuna, upepo tu. Baba Mdogo amepita akielekea kazini. Boksi limerudi. Mipira mipya, kipande cha kung'ata kipya, hakina alama ya mtu.

Alibana kizibo akanipa. Nikaiweka mdomoni. Ladha ya mpira wa dukani.

Nikavuta. Haikutoa kitu. Nikavuta tena, hadi mashavu yakazama, hadi macho yakanitoka. Kimya kabisa. Baba Mdogo alikuwa ananitazama.

"Imeninyima," nikasema.

Akaichukua, akaiweka kwenye begi, akaaga.

Bibi anakiweka kile kipande cha kung'ata cha zamani kwenye kopo la biskuti. Kesho ni Jumapili. Nimemnunulia mafuta, yake yamekwisha.