Mapaa Tuliyoyaezua

Jumatatu, 1 Novemba 1982
Chuo kikuu bado kimefungwa. Wanafunzi sote twaripoti kwa machifu wetu kila juma, kama wahalifu! Leo Joram, mzee wa mtaa, amesoma tangazo kutoka juu: kila nyumba itoe mchango wa jengo jipya la tarafa. Jumamosi atazihesabu. Asiye na fedha atatoa mbuzi. Mchango! Mwingereza angalau aliiita kodi.

Jumatano, 3 Novemba
Nimesema na jamaa zangu uani. Wazee wetu walipotozwa kodi ya kibanda, waliwaingiza wake watatu chini ya paa moja. Mhesabu akaondoka ameandika kibanda kimoja. Serikali ya mbali huhesabu mapaa — basi tuyapunguze mapaa!
Baba mdogo Nzai alicheka. Wake zake wawili, jiko moja? Huo si mgomo, ni vita! Shangazi Jedida, mjane, hakucheka. Aliuliza: na mvua ya vuli ikishika? Nikamjibu kwa hotuba.

Ijumaa, 5 Novemba
Tumeezua, tumebomoa. Nyumba saba zimebaki tatu. Paa la shangazi nililipanda mwenyewe. Yeye aliyapokea makuti moja moja, akiyapanga kivulini.

Jumamosi, 6 Novemba
Joram amehesabu tatu. Akazunguka, akahesabu tena. Msomi, akasema, chuo wamekufungia, mdomo wameusahau! Akaenda zake. Tumeshinda!

Jumanne, 9 Novemba
Landrova. Wapimaji wa ardhi, bila taarifa. Kwa karatasi, shamba hili ni la tajiri tusiyemjua hata kwa sura. Sasa serikali yatugawia sisi tuishio humu. Kila mtu huandikiwa kipande palipo na nyumba yake — iliyosimama.
Tatu.
Musembi, mpimaji, si mtu mbaya. Alimwambia shangazi: mama, naandika ninachokiona, na hapa naona uwanja. Shangazi akamwonyesha kaburi la mumewe. Pole, mama, kaburi si nyumba.
Nilipaza sauti. Nilitaja historia yote, tangu Mwingereza. Joram, aliyeshika ncha ya mnyororo wa kupimia, akanikata: hayo mweleze shangazi yako.
Saa nane sasa. Shangazi ameketi katikati ya sakafu yake, juani, miguu kainyoosha, mnyororo umelala juu ya mapaja yake. Haondoki. Wenye nyumba tatu zilizosimama wamekwisha kuandikwa. Nimeingia ndani kumtekea maji, nami naandika haya kwanza —
Wananiita. Joram anasema nikamwinue mimi, kwani shangazi halikatai neno langu.