Kiwanda Kilichopendeza Kupita Kiasi

14, Mtaa wa Kanisa,
Portage-Blanc, Kanada.
23 Januari.

Mpendwa Yannick,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii uliyotuachia. Mtoto hajambo? Na mkeo Mélissa, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima, ila baba yako magoti yanamsumbua na hataki kuambiwa. Kaka yangu namjua, atakufa amesimama.

Uliniuliza habari za kiwanda, nami nimekuwa nikikukwepa. Leo nakuambia.

Tangu mashine ya karatasi isimame mwezi wa Mei, serikali ya jimbo ilikuwa ikilipia moto wa boila inayopasha jengo zima joto, mabomba yasigande na kupasuka wakati mnunuzi anatafutwa. Tulibaki wanane wa kuulinda huo moto. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini niliipenda kwa sababu ya matumaini.

Mwanzoni mwa mwezi tukaambiwa waziri anakuja kujionea kama tunastahili kuendelea kusaidiwa. Gordie, mwenyekiti wetu wa chama cha wafanyakazi, akapandwa na mori: "Hatamkuta mtu hapa analialia! Atakuta kiwanda, siyo banda la kuku!" Wakaja watu arobaini, wote walioachishwa kazi, bila malipo. Wakasugua sakafu, wakapaka rangi ngazi. Mimi mwenyewe nikaongeza moto, mgeni asitetemeke. Unatujua kwa kiburi; heri tulale njaa kuliko jirani aone sufuria tupu.

Siku ikafika, waziri akaingia na kuvua koti. "Mama, mbona hapa kuna joto kuliko ofisini kwangu?" Nikamjibu, "Karibu uhamie, Mheshimiwa, ila kazi ndiyo hatuna." Wote wakacheka. Wataalamu wake wakapita wakiandika.

Barua ikaja baada ya siku sita. Kiwanda kiko katika hali nzuri, jengo linahifadhi joto vya kutosha, boila izimwe na pesa zake ziende kwenye mafunzo ya walioachishwa kazi. Gordie ana miaka hamsini na tisa, sasa atafundishwa kuandika barua ya kuomba kazi. "Nimeomba kazi mara moja tu maishani," alisema, "na hiyo aliniombea baba." Hakuna aliyecheka.

Jumatatu niliizima kwa mkono wangu. Tulimwaga maji ya mabomba yote tuliyoyajua, lakini kiwanda kile kina miaka tisini, na yapo mabomba ambayo hata michoro haiyaonyeshi. Alhamisi baridi ilishuka hadi nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Asubuhi tukakuta bomba kubwa juu ya mashine limepasuka, na mashine yote imefunikwa barafu. Hakuna wa kununua kitu kile, Yannick. Nililia, sikufichi.

Septemba nilikukataza kuuza nyumba yako. Nikakuambia subira huvuta heri. Nilikosea, nisamehe. Yule bwana anayetaka mahali pa kufikia msimu wa kuwinda bado anaiulizia, na mwakani hapatakuwa na wa kuuliza. Iuze, mwanangu.

Anakusalimu Gordie, na bibi yako, ambaye siku hizi humwita mtoto wako kwa jina lako. Mungu awatangulie huko Alberta mlikohamia, awape kazi isiyotegemea huruma ya mtu.

Baba yako bado huenda kila asubuhi kuondoa theluji mlangoni pako, ili ukirudi usihangaike. Barua hii hajaiona. Mwambie wewe, mimi nimeshindwa.

Akupendaye daima,
Shangazi yako, Ghislaine